Garaji ya Wasomaji: Kioo cha kushoto kimeenda na motari

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja: kioo cha pembeni, kile tunachokiita retroviza, kimegongwa, na karibu kila mara ni cha kushoto. Sababu haiko mbali. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi ya Goma, Bukavu na Lubumbashi yametoka Japani na volani yake (usukani) iko kulia. Dereva anaketi upande wa mtaro. Kioo kinachotazama katikati ya barabara, kule wanakopita motari (wenye pikipiki), chukudu (baiskeli za mbao za mizigo) na malori, ndicho kilicho mbali naye, ndicho kinachogongwa, na ndicho anachokihitaji kuliko vyote anapotaka kupita gari la mbele. Tumechagua barua sita. Majibu tumeyapa urefu kadiri kazi yenyewe inavyodai.

*Jambo. Gari langu ni Toyota, volani kulia. Motari alinipitia karibu sana pale Birere, kioo cha kushoto kikapasuka vipande vipande, ila kasha lake liko zima. Fundi wa vioo anasema atanikatia kioo cha kawaida cha ukutani na kukigandisha kwa silikoni siku ileile. Nikubali?*
*Baba Amani, Himbi, Goma*

Baba Amani, kugandisha kioo unaweza mwenyewe, nyumbani. Ukiwa na kila kitu mkononi, saa moja inatosha, kisha unaiachia gundi ikauke. Lakini kioo cha ukutani usikubali, na tunalisema kwa nguvu zaidi kwa sababu volani yako iko kulia.

Kioo kilichotoka kiwandani kimebinuka kidogo kwa nje. Kanuni nambari 46 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari inataka nusukipenyo cha mbinuko huo, kwa vioo vya pembeni vya magari madogo, kisipungue milimita 1,200; kadiri kinavyopungua, kioo kinabinuka zaidi. Piga hesabu uone faida yake. Jicho lako liko kama mita 1.4 kutoka kioo cha kushoto. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 16 kitakuonyesha, mita 10 nyuma ya gari, ukanda wa mita moja na nusu hivi. Kilichobinuka kwa kipimo hicho kitakuonyesha karibu mita nne. Katika zile mita mbili na nusu zinazopotea ndimo motari anamokuwa wakati wewe unakata kushoto. Mwenye volani kushoto yuko karibu na kioo chake cha kushoto, hata kikiwa bapa kinamwonyesha ukanda mpana kuliko wako. 

Kuna pia uzito. Kioo cha gari mara nyingi kina unene wa milimita 2 hivi, cha ukutani ni 3 au 4. Kwa ukubwa wa sentimita 17 kwa 12, cha milimita 2 kina gramu 100, cha milimita 4 kina gramu 200. Vibanio vya ndani vilipimwa kwa kile chepesi. Ukipita kwenye mawe ya lava na kioo kizito, kinatetemeka mpaka taa moja ya lori inaonekana kama tatu. Tena rangi ya nyuma ya kioo cha ukutani haikutengenezwa kwa mvua: baada ya muda weusi unaanza kutambaa kutoka kwenye kingo kwenda ndani.

Basi upate wapi kilichobinuka? Anza kwa wauza pyesi za okazioni, yaani vipuri vilivyotumika. Waombe kioo pamoja na kibao chake cha plastiki, si retroviza nzima. Wengi wanapenda kuuza nzima, lakini ukisisitiza watakuvulia. Nenda na kibao chako cha zamani ulinganishe sehemu za kunasia nyuma. Beba rula iliyonyooka. Ilaze juu ya kioo kwa urefu: kwenye kioo kilichobinuka sawasawa cha sentimita 16, rula ikigusa katikati, kila ncha inaacha mwanya wa milimita mbili hadi tatu. Ikilala yote bila mwanya, hicho ni bapa, hata kama kimekatwa vizuri namna gani.

Ukikosa, tafuta kioo kikubwa cha lori kilichopasuka upande mmoja. Kile kikubwa cha kawaida cha lori kinatakiwa kanuni ileile ya milimita 1,200, kwa hiyo kinafaa. Usichukue kile kidogo cha chini chenye kuonyesha eneo pana: hicho kinaruhusiwa kubinuka hadi milimita 300, na kitakufanya uone basi kubwa kama kijigari. Chora umbo la kibao chako kwenye katoni, punguza milimita moja kila upande, mpe fundi wa vioo akate kwa katoni hiyo, gurudumu la kukatia lipite upande usio na rangi. Kingo zilainishwe kwa msasa nambari 120 uliolowa maji. Fundi huyo uliyempata anaweza kazi hii, mwambie tu unachotaka.

Kutoa kibao. Kabla ya kugusa, bandika skochi pana (utepe wa gundi) juu ya vipande vyote, wima na mlalo, visikumwagikie. Vaa glavu za ngozi na miwani. Sukuma upande wa juu wa kioo uingie ndani hadi mwisho. Upande wa chini utatoka nje na mwanya utaonekana. Ingiza mti mwembamba au kijiko cha plastiki, usitumie bisibisi ya chuma, kisha vuta kidogokidogo ukihama kutoka kona moja hadi nyingine. Utasikia ta, ta, vibanio vikiachia. Asubuhi Goma kuna baridi na plastiki inakuwa ngumu, ndipo vibanio vinapokatika; subiri jua lipige kasha nusu saa, au tumia kikaushia nywele dakika tatu. Kwenye baadhi ya magari ya zamani ya Ulaya hakuna vibanio vya kuvuta: kuna tundu dogo chini ya kioo, na humo unasukuma pete kwa bisibisi nyembamba ili iachie. Angalia tundu kwanza kabla ya kutumia nguvu.

Nyuma ukikuta nyaya mbili zilizochomekwa kwenye vipande bapa vya chuma, kioo chako kina kipasha joto cha kuondoa ukungu. Zivute kwa koleo ndogo ukishika kichuma chenyewe, si waya. Kipasha joto kimebandikwa mgongoni mwa kioo kama karatasi, kwa hiyo ukikata kioo kingine utakipoteza. Bukavu na Goma mtu anaishi bila hicho. Zungushia ncha za nyaya skochi ya umeme, kila moja peke yake, kisha uzifunge pembeni zisiguse mota.

Safisha kibao: kwangua gundi ya zamani yote, halafu pangusa kwa alkoli ya duka la dawa. Silikoni chagua isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu hiyo inatoa asidi wakati inakauka, na asidi inakula rangi ya nyuma ya kioo. Baada ya muda utaona mistari ya madoa ileile uliyoichora kwa gundi. Piga mistari minne au mitano ya wima, minene kama penseli, ukiacha nafasi kati yake. Usizungushe duara lililofungwa, kwa sababu silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, na ndani ya duara hewa haiingii. Weka kioo, kandamiza taratibu, funga kwa skochi ya karatasi, laza kibao kikiangalia juu. Inakauka milimita mbili hadi tatu kwa siku. Usikirudishe garini kabla ya saa 24.

Mkanda wenye gundi pande mbili, ule mzito wa sponji, nao ni mzuri ikiwa kibao kimebinuka sawa na kioo. Unafikia nguvu karibu zote baada ya saa 24 na zote baada ya saa 72. Ile gundi ya haraka inayoshika vidole, hapana: ikikauka ni ngumu kama ganda la yai, mtetemo unaivunja, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya kioo.

Kurudisha: panga kibao katikati ya mota, weka kiganja katikati ya kioo, si pembeni, na sukuma hadi usikie mlio wa kunasa kila upande. Aliyesukuma ukingo ndiye anayerudi kununua kioo cha pili.

*Kioo changu hakikuvunjika, lakini tangu niliporudi kutoka Goma kwa barabara kinatetemeka. Nikiwa kwenye mwendo sioni kitu nyuma, ni kama maji. Nimebandika karatasi iliyokunjwa kwenye mwanya, imesaidia siku mbili.*
*Mama Sifa, Nguba, Bukavu*

Mama Sifa, karatasi iliyokunjwa inaficha ugonjwa. Tafuta kwanza kinachotetemeka ni kipi. Washa injini gari likiwa limesimama, mtu mwingine aketi kwenye kiti cha dereva atazame kioo. Wewe weka kidole kimoja katikati ya kioo. Picha ikitulia, tatizo liko kati ya kioo na mota. Isipotulia, shika kasha lote kwa mikono miwili. Ikitulia sasa, tatizo liko kwenye mguu wa retroviza, ile sehemu inayoshika mlango, au kwenye bawaba yake ya kukunjia.

Kioo chenyewe kikicheza, kitoe kama tulivyomweleza Baba Amani, uangalie vibanio. Mara nyingi kimoja au viwili vimekatika, au vumbi la mawe limejaa kwenye kibofu, lile tufe dogo la katikati ambalo kibao kinalizungukia. Safisha kwa brashi ya meno, paka grisi ya silikoni kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Grisi ya beringi usiipake, inashika vumbi na kulainisha baadhi ya plastiki. Kibanio kimoja kikiwa kimekatika, kibao bado kinaweza kushikwa: weka tone la silikoni, ukubwa wa punje ya harage, kwenye pembe nne za mota ambapo kibao kinakaribia kugusa. Ujue tu kwamba baada ya hapo mota ya kurekebishia haitasogea tena kwa uhuru, kwa hiyo panga kioo sawasawa kabla gundi haijashika. Vikikatika viwili au zaidi, nunua kibao.

Mguu ukicheza, fungua kile kipembetatu cha plastiki ndani ya mlango, mbele ya dirisha. Nyuma yake kuna nati, kwa kawaida tatu za ufunguo wa 10. Kwenye barabara za mawe zinalegea zenyewe. Kaza kwa ufunguo mfupi, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Chuma cha mguu ni laini na nyuzi zake zinavunjika upesi.

Bawaba ya kukunjia ndiyo ngumu. Ndani kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Retroviza ikikunjwa na kugongwa mara nyingi, meno ya bawaba yanalika na inaanza kulegea. Springi hiyo usiifungue nyumbani bila kifaa cha kuibana. Inaruka kama risasi na imeshavunjia watu meno. Hapo tafuta mguu mzima wa okazioni.

*Kasha la plastiki limepasuka na linaning'inia. Nimelifunga kwa skochi nyeusi. Mafundi wawili wameniambia nitupe. Kweli haliponi?*
*Kijana wa Ndosho, Goma*

Linapona, ndugu, ikiwa kilichovunjika ni ganda la nje. Ikiwa ni mguu wa chuma unaoshika mlango, mafundi wako wamesema kweli: chuma hicho usikigandishe, kitaachia barabarani na retroviza itampiga mtembea kwa miguu.

Jambo la kwanza ni kujua plastiki yenyewe, maana gundi inayoshika moja haishiki nyingine. Tazama ndani ya kasha, kuna herufi ndogo kati ya alama mbili za mishale: ABS, PP au PA. Zikiwa zimefutika, chukua kipande kidogo kilichovunjika ukitupe majini. PP inaelea. ABS na PA zinazama. Kati ya hizo mbili, dondoshea asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha ikiwa ni safi: ABS baada ya dakika moja inanata kidoleni, PA haishtuki.

ABS ndiyo rahisi, na makasha mengi ya nje ni hiyo. Toboa tundu la milimita 2 hadi 3 pale ufa unapoishia, vinginevyo utaendelea kutembea hata baada ya kuziba. Upande wa ndani, chimba mfereji wenye umbo la V kufuata ufa, hadi nusu ya unene. Washa pasi ya kusodea. Kila baada ya sentimita mbili, pasha moto pini ya stepla uizamishe ndani ya plastiki, ikivuka ufa, hadi ifunikwe. Kata vijiti vyembamba kutoka kwenye kipande kilekile kilichovunjika, viyeyushe ndani ya mfereji kama fundi anavyochomelea chuma. Plastiki ikitoa moshi mweusi, moto umezidi na kiungo hicho kitakuwa dhaifu. Toa pasi, ngoja, endelea kwa joto la chini. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni, moshi wake ni mbaya kwa kifua.

Pale kipande kimepotea kabisa, katakata mabaki ya ABS, yaloweke ndani ya asetoni kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, usiku mmoja. Yanakuwa uji mzito. Bandika skochi upande wa nje kama ukuta, paka uji upande wa ndani, tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikauke saa kadhaa. Tabaka moja nene inaonekana imekauka juu kumbe ndani bado mbichi, na baadaye inabonyea.

PP haikubali asetoni wala gundi nyingi za dukani. Ichomelee kwa vijiti vya PP tu. Sehemu ya ndoo ya plastiki iliyopasuka, yenye alama hiyohiyo, inatoa vijiti vizuri. PA shona kwa pini za moto kisha funika upande wa ndani kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili, baada ya kuikwaruza kwa msasa nambari 80.

Nje ya kasha lainisha kwa msasa 120, halafu 240, halafu 400 na maji. Rangi ya kopo pulizia mara tatu nyembamba, sentimita 25 kutoka kwenye kasha. Kabla ya yote hayo toa kioo na mota, au rangi itavifuata ndani.

*Vioo vyangu ni vya umeme. Cha kulia kinasogea, cha kushoto nasikia mota inalia lakini kioo kimesimama. Wakati mwingine hata haisikiki. Niko Lubumbashi, vumbi letu mnalijua.*
*Baba Kalenga, Kampemba, Lubumbashi*

Baba Kalenga, barua yako ina magonjwa mawili tofauti, na dawa zake si moja.

Mota ikilia na kioo kusimama, umeme unafika. Kibao hakijanasa vizuri kwenye kibofu, au meno ya gia ndogo yamelika. Shika kioo kwa viganja viwili ukisogeze kwa mkono: kikisogea laini bila upinzani hata kidogo, gia imekufa. Kikisogea kwa ugumu na mlio wa tik tik, gia iko hai na kuna mchanga, safisha. Mlio wa tik tik kioo kikiwa kimefika mwisho wa safari yake ni wa kawaida, ni kinga iliyowekwa ili mota isiungue.

Isiposikika kabisa, usianze kufungua mlango. Tazama kitufe cha kuchagulia kushoto na kulia: kikiwa katikati, hakuna kioo kinachosogea. Vioo vyote viwili vikifa, nenda kwenye fyuzi. Katika Toyota nyingi vioo vinatumia fyuzi moja na soketi ya kuwashia sigara, kwa hiyo chaja mbaya ya simu inaweza kuwa ndiyo iliyoua vioo vyako. Kikifa kimoja tu, tena kwa vipindi kama chako, fungua ule mpira wa mikunjo kati ya mlango na fremu ya gari. Nyaya zinajipinda hapo kila mlango unapofunguliwa na hukatika ndani ya ganda lake, kwa nje zinaonekana nzima. Vuta waya mmojammoja taratibu: unaorefuka kama mpira umekatika. Uunganishe kwa kusodea na kipande kipya cha sentimita kumi, ili upate ulegevu wa kujipinda.

Kupima mota yenyewe: chomoa fishi (plagi ya nyaya) ya retroviza, tafuta nyaya tatu za mota. Chukua umeme wa batri ya volti 12, lazima upitie fyuzi ya ampea 5, ugusishe nyaya mbili kwa muda mfupi, sekunde mbili basi. Kioo kitapanda au kushuka, au kwenda pembeni. Ukigeuza chanya na hasi kitarudi. Jaribu jozi zote tatu. Magari yenye retroviza ya kujikunja yana nyaya nyingi zaidi, kwa hiyo anza na zile zinazoingia moja kwa moja kwenye mota iliyo nyuma ya kioo.

*Vile vioo vidogo vya duara vya kubandika vina maana yoyote, au ni mapambo?*
*Dada Furaha, Ibanda, Bukavu*

Vina maana, Dada Furaha. Vimebinuka sana, vinaonyesha motari aliyefichika ubavuni mwa gari. Kibandike kwenye kona ya nje ya juu ya kioo cha kushoto, ukiwa umepangusa kwa alkoli kwanza. Kitumie kujua kama kuna mtu, kamwe usikitumie kupima umbali wake, kwani humo kila kitu kinaonekana kidogo na cha mbali. Aliyewekewa tayari kioo bapa akibandike leo, wakati anatafuta kilichobinuka.

*Retroviza yangu ya kushoto imeenda yote, zimebaki nyaya. Nimepata ya okazioni inayofanana kabisa, lakini imetoka kwenye gari la volani kushoto. Muuzaji anasema mlango ni uleule. Ninunue?*
*Mwalimu wa Katindo, Goma*

Mwalimu, muuzaji anasema kweli kuhusu mlango na bado usinunue. Retroviza ya kushoto ya gari la volani kushoto ilitengenezwa kwa dereva anayeketi jirani nayo. Yako inatakiwa igeuke zaidi imfuate dereva aliye ng'ambo ya pili ya gari. Mara nyingi itaingia kwenye matundu yote matatu, utakaza nati, na ukiketi utagundua kioo kinageuka hadi mwisho wake na bado kinakuonyesha kiti cha nyuma. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aishikilie kwa mkono kwenye mlango wa gari lako, wewe uketi kwenye kiti chako, utazame.

Ukipata ya volani kulia, hesabu pini za fishi yako na za ile mpya. Yenye pini tatu ni ya kusogeza kioo tu; zikiongezeka kuna kipasha joto, kujikunja au taa ya kona. Fishi zenye idadi sawa zinaweza kuwa na mpangilio tofauti, kwa hiyo linganisha pia mahali kila waya unapoingia. Angalia kama raba au sponji ya kati ya mguu na mlango ipo. Ikikosekana, maji ya mvua yanaingia mlangoni na upepo unapiga mluzi.

Kufunga ni rahisi, ila kuna nati zinazopotea. Ukishatoa kile kipembetatu, jaza kitambaa kwenye tundu lote lililo chini ya nati kabla ya kuzigusa. Nati ikidondoka ndani ya mlango utalazimika kung'oa paneli yote kuitafuta. Chomeka fishi kwanza, jaribu pande zote nne, ndipo ukaze: kila nati kidogo kidogo kwa zamu, mguu usikae upande.

Kisha panga kioo. Keti kama unavyoendesha, rudisha mgongo nyuma. Ubavu wa gari lako uonekane ukingoni tu, sehemu moja ya nane ya upana wa kioo hivi, na mstari wa upeo ukate katikati. Mwambie mtoto mkubwa atembee polepole kutoka nyuma ya gari, kwenye uwanja uliofungwa, akipita mita moja na nusu kushoto mwa gari. Anapotoka kwenye kioo, uwe tayari unamwona kwa pembe ya jicho dirishani. Akipotea katikati, geuza kioo nje kidogo na umrudishe mwanzo. Na kila unapokisafisha, mwagia maji kwanza: vumbi la volkeno lina vipande vidogo vya kioo, ukilisugua likiwa kavu linachora.